Matope ya Sakafu ya Bahari na Ushahidi wa Hali ya Hewa ya Kale

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na humaliza safari yake katika Bahari ya Hindi, kusini ya Mtwara. Wakati wa masika maji yake huwa na rangi ya kahawia, kwa kuwa yamechukua udongo wa nchi mbili. Mchanga ulio mzito hutua karibu na mlango wa mto, na sehemu ya tope hunaswa na mizizi ya mikoko. Lakini chembe zilizo laini kupita zote, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja, huchukuliwa na mikondo hadi kwenye kina ambako mwanga wa jua haufiki kamwe. Huko hutua, chembe juu ya chembe, kwa mamilioni ya miaka.

Ni kawaida kudhani kwamba tope hilo ni taka tu ya nchi kavu. Kwa mtaalamu wa jiolojia ni hifadhi ya kumbukumbu. Katika nchi kavu mvua, mito na upepo hufuta leo vilichokiandika jana. Baharini, penye utulivu, kila tabaka hulala juu ya lile lililotangulia. Katika sehemu za kina kirefu, mbali na mabara, mfinyanzi mwekundu hujilimbikiza kwa kiasi cha milimita moja tu, au pungufu, kwa kila miaka elfu, hivyo mita moja ya tope hilo huwakilisha miaka milioni moja au zaidi. Swali ni hili: je, chembe za madini zilizomo katika mashapo hayo zaweza kueleza hali ya hewa ilikuwaje wakati zilipotua? Zaweza, lakini kama shahidi yeyote mbele ya hakimu, hapana budi zihojiwe: zilizaliwa wapi, zilifikaje pale, na zimepatwa na mambo gani tangu zilipofika.

Kuzaliwa kwa mfinyanzi

Miamba ya msingi ya Afrika Mashariki, kama vile graniti na gnaisi, ina madini mengi ya jamii ya feldispa. Maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni huchukua kaboni dioksidi, na hivyo huwa asidi dhaifu. Asidi hiyo huishambulia feldispa kwa namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kuihakikisha mwenyewe kwa kuhesabu atomu za kila upande:

2KAlSi₃O₈ + 2H⁺ + 9H₂O → Al₂Si₂O₅(OH)₄ + 4H₄SiO₄ + 2K⁺

Kitu cha kwanza upande wa kulia ni kaolini, yaani mfinyanzi mweupe. Potasi na sehemu kubwa ya silika huyeyuka na kuondoka pamoja na maji, na yafaa mwalimu alikazie neno hilo "kuondoka", kwa maana ndiyo siri ya jambo zima. Iwapo mvua ni nyingi, joto ni kubwa, na maji hupata njia ya kupenya na kutoka, vyote vinavyoyeyuka huoshwa, na kinachobaki ni kaolini pamoja na oksaidi za chuma zinazoupa udongo wetu wekundu wake. Ndiyo sababu kaolini ni zao la nchi za joto na mvua. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina hazina kubwa ya madini haya.

Iwapo maji hayapati pa kutokea, au kiangazi ni kirefu, silika na magnesi hubaki udongoni na kujenga madini ya namna nyingine, nayo ni smektaiti. Msomaji aijua smektaiti hata kama hajapata kusikia jina lake: ndiyo inayoufanya udongo mweusi wa mbuga uvimbe na kunasa magari wakati wa masika, kisha upasuke nyufa pana wakati wa kiangazi.

Penye baridi kali mambo ni tofauti kabisa. Huko barafu husaga mwamba bila kuubadili sana kikemia, na unga unaotokea una ilaiti na kloraiti, madini ambayo yalikuwamo mwambani tangu mwanzo. Kloraiti hasa haivumilii joto na unyevu. Katika udongo wa Ikweta huharibika upesi. Na katika nchi kame, ambako maji yenye chumvi hukauka juu ya ardhi, hutokea paligorskaiti, madini ya nyuzinyuzi ambayo pepo huyapeperusha kutoka Uarabuni na Pembe ya Afrika hadi katika Bahari ya Arabuni.

Katika miaka ya 1960 wataalamu walianza kupima matope ya sakafu ya bahari kwa utaratibu. Mwaka 1965 Pierre Biscaye alichapisha ramani za mfinyanzi wa Bahari ya Atlantiki, na mwaka 1968 Griffin, Windom na Goldberg wakatoa ramani za bahari zote za dunia. Picha iliyojitokeza ilikuwa ya kuvutia. Kaolini ilikuwa nyingi katika ukanda wa Ikweta, na kloraiti ilizidi kadiri mtu alivyokaribia ncha za dunia. Ikawa rahisi kufikiri kwamba mtu akichimba chini zaidi na kukuta kaolini, asome "joto na mvua". Akikuta kloraiti, asome "baridi". Ramani nzuri ina hatari yake: humfanya msomaji asahau safari iliyoitangulia.

Safari ya chembe

Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha mikroni 2 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hushuka katika maji matulivu, kwa mujibu wa kanuni ya Stokes, sentimita 10 katika muda wa saa 8 hivi. Kwa mwendo huo ingehitaji miaka 36 kufika kwenye kina cha mita 4,000. Katika miaka 36 mikondo ingeweza kuitembeza bahari nzima, na ramani zile za miaka ya 1960 zisingeonyesha mpango wowote. Kwa kuwa mpango upo, lazima chembe zishuke upesi zaidi kuliko hesabu inavyosema.

Sababu moja yaweza kuonyeshwa darasani. Mwalimu achukue chupa mbili za kioo zenye maji safi, na katika moja ayeyushe vijiko viwili vya chumvi ya jikoni. Katika kila chupa atie kijiko cha udongo wa mfinyanzi uliopondwa na kulainishwa, azitikise kwa nguvu, kisha aziache mezani. Chupa yenye chumvi itang'aa kwanza, na tofauti itakuwa kubwa. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu ya nyuso zake, hivyo husukumana. Ayoni za sodiamu hupunguza msukumano huo, chembe hushikamana mabonge madogo, na mabonge hushuka kwa haraka. Jambo hili hutokea kila mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari. Zaidi ya hayo, wanyama wadogo wa baharini humeza chembe hizo wanapojilisha na kuzitoa katika vinyesi vyao vizito, navyo hufika chini kwa muda wa majuma badala ya miaka.

Madini hutambuliwa kwa eksirei. Mfinyanzi umejengwa kwa tabaka nyembamba mno zilizopangwa kama kurasa za kitabu, na umbali kati ya ukurasa na ukurasa hutofautiana: nanometa 0.7 hivi kwa kaolini, 1.0 kwa ilaiti, 1.4 kwa kloraiti. Eksirei zinapoangukia tabaka hizo hurudi kwa nguvu katika pembe maalumu tu, kwa kanuni ya Bragg, 2d sin θ = nλ. Mwanafunzi akichukua d = 0.715 na λ = 0.154, na n = 1, atapata kwamba kaolini hujitangaza kwenye pembe θ ya nyuzi 6.2 hivi. Smektaiti hutambuliwa kwa hila: sampuli hunyweshwa mvuke wa glikoli, kimiminiko kile kile kinachotiwa katika rejeta za magari ya nchi za baridi, nayo huvimba mpaka nanometa 1.7. Kaolini na kloraiti zaweza kuchanganywa, kwa kuwa kloraiti hutoa mwangwi wa pili karibu kabisa na mahali pa kaolini. Lakini sampuli ikipashwa moto hadi nyuzi 550 za sentigredi, mpangilio wa kaolini huvunjika na alama yake kutoweka, na ile ya kloraiti hubaki.

Kaolini kongwe

Kazi ya kutambua ni nyepesi kulinganishwa na ya kufasiri. Mfano mmoja watosha.

Miaka ipatayo milioni 56 iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha Eosini, kaboni nyingi iliingia hewani na baharini kwa muda mfupi wa kijiolojia, na wastani wa joto la dunia ukapanda kwa nyuzi 5 hivi. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka laki moja. Katika mashapo ya wakati huo, karibu na Antaktika na pia katika pwani ya mashariki ya Marekani, kaolini huongezeka ghafla. Tafsiri iliyoonekana wazi ilikuwa kwamba joto na mvua za namna ya Ikweta zilienea hadi huko, miamba ikaoza, kaolini ikazaliwa na kusombwa baharini.

Tatizo ni muda. Mwaka 2000 Médard Thiry, mtaalamu wa Kifaransa wa udongo wa kale, alikumbusha kwamba ardhi yenye kaolini nyingi na nene haijengwi kwa miaka elfu chache. Huhitaji muda unaokaribia miaka milioni, na baada ya hapo yaweza kukaa mahali pake muda mrefu kabla mito haijaichukua. Kwa hiyo kaolini iliyofika baharini wakati ule wa joto haikuweza kuwa imezaliwa na joto hilo. Sehemu yake kubwa ilikuwa kaolini kongwe, iliyokuwa imelala katika udongo na mashapo ya zamani zaidi, na kilichobadilika ni nguvu ya kuisomba: mvua kali na mmomonyoko. Hivyo ushahidi haukufutika, ila maana yake ilihama. Badala ya kueleza udongo ulivyokuwa, tope lile laeleza jinsi ardhi ilivyochimbwa na maji. Mkulima wa Kondoa, ambako makorongo yamekula mashamba, hahitaji kufafanuliwa kwamba mvua kubwa ya siku moja yaweza kuondoa udongo uliojengwa kwa karne nyingi.

Barafu ya Antaktika

Si madini yote ya baharini yatokayo nchi kavu. Viumbe vidogo vya seli moja viitwavyo foraminifera, vingi vikiwa na ukubwa wa punje ya mchanga, hujijengea magamba ya kalisaiti, yaani kalsiamu kaboneti, na vinapokufa magamba hayo huanguka na kujichanganya na mfinyanzi. Oksijeni iliyomo katika gamba ni ya aina zaidi ya moja: iliyo nyingi mno ina uzito wa 16, na takriban atomu moja katika kila 500 ina uzito wa 18. Mwaka 1947 Harold Urey alionyesha kwamba uwiano wa aina hizo mbili hutegemea joto la maji ambamo kalisaiti iliundwa. Maji yakiwa baridi, oksijeni nzito huongezeka. Badiliko la sehemu moja katika elfu hulingana na nyuzi 4 hadi 5 za sentigredi.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana ulimi wa pande mbili. Mvuke unaopaa kutoka baharini huchukua zaidi oksijeni nyepesi. Mvuke huo ukianguka kama theluji na kugandamana juu ya bara, oksijeni nyepesi hufungiwa katika barafu, na maji ya bahari hubaki na nyingi iliyo nzito. Kwa hiyo gamba lenye oksijeni nzito laweza kumaanisha bahari baridi, au barafu nyingi nchi kavu, au yote mawili.

Mwaka 1975 Nicholas Shackleton na James Kennett, wakitumia mashapo yaliyochorongwa kusini ya New Zealand na meli ya Glomar Challenger, walionyesha kwamba karibu na mwisho wa kipindi cha Eosini oksijeni nzito iliongezeka kwa mruko mkubwa. Tarehe ya mruko huo leo hukadiriwa kuwa miaka milioni 34 iliyopita. Wao waliusoma hasa kama dalili ya kupoa kwa bahari, na wakaiweka barafu kuu ya Antaktika katika wakati wa baadaye sana, miaka milioni 14 hivi iliyopita. Kwa kutumia magamba peke yake, hapakuwa na njia ya kuwapinga.

Jibu lilitoka kwa madini ya nchi kavu. Mwaka 1988 uchorongaji ulifanywa juu ya uwanda wa Kerguelen, ulio chini ya maji kusini ya Bahari ya Hindi, mbali na mto wowote. Katika tabaka la mwanzo wa kipindi cha Oligosini, mahali pale pale palipo na mruko wa oksijeni, palionekana punje za mchanga. Upepo hauwezi kubeba mchanga wa namna hiyo kwa mamia ya kilomita, wala mkondo wa bahari ya kina hauwezi. Wabebaji pekee ni milima ya barafu inayoelea, iliyokatika kutoka bara lililofunikwa. Mfinyanzi nao ulisema neno lile lile. Chini ya tabaka hilo smektaiti ndiyo iliyotawala. Juu yake ilaiti na kloraiti zikaongezeka, maana katika Antaktika ya Mashariki mwamba haukuwa ukioza tena bali ukisagwa. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1992, na tangu hapo barafu kuu ya Antaktika huhesabiwa kuwa na umri wa miaka milioni 34 hivi.

Mfinyanzi wa Kilwa

Lilibaki swali la bahari za Ikweta. Wakati wa Eosini, kabla ya barafu hiyo, palikuwa na misitu karibu na ncha za dunia na mamba katika latitudo za juu za Kaskazini. Hesabu za fizikia ya angahewa husema kwamba, kaboni dioksidi ikiwa nyingi kiasi cha kuzipasha joto ncha za dunia, bahari za Ikweta nazo lazima zipate joto. Lakini magamba ya foraminifera yaliyotolewa katika sakafu ya bahari za Ikweta yalitoa nyuzi 15 hadi 23 tu, yaani maji yenye baridi kuliko ya Zanzibar ya leo. Ama hesabu zilikuwa na kosa kubwa, au magamba yalikuwa yakidanganya. Jambo hili halikuwa dogo, kwa sababu hesabu hizo hizo ndizo zinazotumiwa kukadiria joto litakalozipata nchi za Ikweta kaboni dioksidi inapozidi hewani katika zama zetu.

Shahidi alikuwa amelala Kilwa na Lindi. Katika ukanda huo wa pwani kuna mfinyanzi mnene ambao uliwekwa chini ya bahari yenye kina cha mita mia kadhaa, kisha ardhi ikainuka, na leo watu hulima juu yake. Mfinyanzi huo haupitishi maji kwa urahisi. Magamba yaliyofungiwa ndani yake yangali maangavu kama kioo, ilhali yale ya chokaa ya bahari ya kina huonekana meupe na yenye ukungu. Weupe huo ni alama ya kuharibika: maji yamepita katika chokaa, yamelimumunya gamba la asili kidogo kidogo, na mahali pake pamejengwa fuwele mpya za kalisaiti, ambazo zimechukua joto la sakafu ya bahari na si la uso wake.

Athari yake yaweza kukokotolewa kwa mfano rahisi. Tuseme kiumbe kiliishi juu ya maji yenye nyuzi 30, kikafa, na nusu ya gamba lake likajengwa upya kwenye sakafu yenye nyuzi 10. Mpimaji atakayelisaga gamba zima atapata wastani, nyuzi 20, naye ataamini kwamba amepima bahari ya Ikweta.

Mwaka 2001 Paul Pearson wa Uingereza na wenzake walitangaza vipimo vya magamba maangavu kutoka Tanzania na mahali pengine pachache penye mfinyanzi wa namna hiyo. Bahari za Ikweta za wakati ule zilikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache. Katika miaka iliyofuata mradi wa uchorongaji ulifanyika Kilwa na Lindi kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Mashimo yalikuwa mafupi, ya makumi ya mita hadi zaidi kidogo ya mia, na baadhi yake yalipita katika tabaka lile lile la miaka milioni 34 ambalo Kerguelen lilikuwa na mchanga wa barafu. Katika tabaka hilo jamii ya Hantkenina, foraminifera yenye miiba iliyotapakaa bahari za joto, hutoweka kabisa, na kutoweka kwake ndiko kunakotumiwa na wanajiolojia kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini.

Magamba ya Kilwa yalikuwa na manufaa mengine. Kalisaiti hupokea magnesi kidogo mahali pa kalsiamu, na huipokea zaidi maji yanapokuwa na joto. Barafu ya nchi kavu haina sehemu kubwa katika kipimo hiki. Kwa kupima magnesi na oksijeni katika gamba moja, baridi yaweza kutenganishwa na barafu. Mwaka 2008 Caroline Lear na wenzake walifanya hivyo kwa magamba ya Tanzania. Mruko wa oksijeni ulionekana kuwa na hatua mbili. Katika hatua ya kwanza uso wa bahari ya Ikweta ulipoa kwa nyuzi 2.5 hivi, katika ile ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi, oksijeni nzito iliongezeka hasa kwa sababu barafu ilikuwa ikijilimbikiza Antaktika.